Silent Hunter III: Uhalisia kwa Kipimo cha Mchezaji
Mchezo wa kompyuta wa Silent Hunter III, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2005, unamkabidhi mchezaji nyambizi ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kumwachia aamue mwenyewe kiasi cha uhalisia anachotaka, na huo ndio uzuri wake mkubwa. Nilipoanza kukokotoa shabaha ya torpedo (kombora la chini ya maji) kwa mkono, yaani kukadiria umbali kwa urefu wa mlingoti unaoonekana kwenye periskopu, darubini ya nyambizi, kisha mwendo na uelekeo wa meli, nilikosa mara nyingi, lakini ile moja iliyopiga ilinisisimua kuliko zote nilizosaidiwa na ofisa wa silaha. Ukomo wa betri na hewa ya nyambizi sijauondoa kwenye mipangilio ya mchezo, kwa kuwa ndio unaotia hofu. Safari ndefu za bahari tupu naziharakisha bila kusita.