Sura ya 9 ya mafunzo rasmi ya Python: jibu lipo, ila limefichwa

Anayetaka kujua jinsi methodi moja (kitendakazi kilichomo ndani ya klasi) inavyoiita nyingine ndani ya klasi (kiolezo cha kuundia obijekti) atalipata jibu katika sura ya 9 ya mafunzo rasmi ya lugha ya programu ya Python, yanayosomwa bure mtandaoni. Itambidi kwanza avuke maelezo marefu kuhusu upeo wa majina (yaani jina linatambulika sehemu gani za programu), na kwa mgeni hilo ni sawa na kuomba maji ya kunywa ukapewa ramani ya mabomba.

Jibu lenyewe limewekwa katika sehemu ya 9.4, pamoja na maelezo mengine ya hapa na pale. Katika klasi iitwayo Bag, methodi ya add huongeza kitu kimoja kwenye orodha, na addtwice huandika self.add(x) mara mbili (self ni obijekti yenyewe), basi. Mfano huo unatosha, kwa kuwa sehemu iliyotangulia imekwisha kueleza kwamba x.f() ni sawa na MyClass.f(x), yaani obijekti yenyewe hupitishwa kama hoja ya kwanza. Ningependa tu waonyeshe pia kosa la kila siku: ukiandika add(x) bila self, Python haiangalii ndani ya klasi, na jina hilo lisipokuwepo kwenye moduli (faili la msimbo) utapata NameError, yaani kosa la jina lisilojulikana.

Utamu wa sura hii uko katika 9.5 na 9.6. Msomaji anaonywa kwamba methodi ya klasi mzazi inayoiita mwenzake inaweza kuishia kuita ile iliyoandikwa upya na klasi mtoto, yaani inayorithi kutoka kwa mzazi. Kisha unakuja mfano wa klasi ya Mapping, ambao peke yake unastahili kusomwa mara mbili: __init__ (methodi inayoendeshwa obijekti inapoundwa) haiiti methodi ya update moja kwa moja, bali huita nakala yake, __update, ambayo Python huipa jina la _Mapping__update, hivyo klasi mtoto ikibadilisha vigezo vya update, __init__ ya mzazi haivurugiki.

Kuhusu kuita methodi ya obijekti ya klasi nyingine, sura haisemi lolote la wazi, ingawa (na hili linachekesha kidogo) self.data.append(x) iliyomo ndani ya Bag inafanya jambo hilo hilo kwa obijekti ya list. Mwenye haja ya @classmethod (alama inayoifanya methodi iwe ya klasi), ambako methodi huitana kupitia cls, yaani klasi yenyewe, badala ya self, afungue ukurasa wa vitendakazi vya ndani vya Python.