TAHADHARI: Pikipiki inazimazima njiani, unaambiwa "CDI imekufa"

Wakuu, hasa madereva wa bodaboda na nyie mliotoa pikipiki kwa mkataba. Kuna mchezo unachezwa Kariakoo kwenye maduka ya spea za pikipiki, na unamlenga mtu mwenye tatizo la aina moja: pikipiki inayozimazima. Asubuhi inatembea vizuri, ikishapata moto inakata, unasubiri pembeni, inawaka, unaenda mbele kidogo inakata tena. Ukifika na maelezo hayo, jamaa wanajua wamepata kichwa.

Mchezo unakwenda hivi. Fundi yuko kwenye benchi nje ya duka, mpole, anakusikiliza mpaka mwisho. Anafungua kava la pembeni, anachomoa CDI, kile kiboksi cheusi chenye soketi ya waya kinachoendesha cheche za plagi, anaingia nacho dukani "kukipima". Anakaa huko. Wewe umeletewa stuli, unapigishwa stori za mpira. Akitoka anatikisa kichwa: imekufa hii, bosi. Inaletwa mpya kwenye boksi lenye nembo, inafungwa, kiki moja tu, chombo kinanguruma. Unazunguka nacho mtaa mmoja, kiko safi, unalipa. Dogo mmoja wa kijiweni kwetu Mbagala alitoa 65,000 pamoja na ufundi. Ilimzimia tena akiwa bado Kilwa Road, abiria nyuma, semi inampigia honi mgongoni.

Kilichoiwasha pale dukani ni muda tu. Injini ilipoa wakati fundi yuko ndani, na ingewaka hata kwa CDI ileile ya zamani. Halafu kuna wizi wa pili ambao wengi hawaushtukii: ile ya zamani, orijino iliyokuja na pikipiki na ambayo ni nzima, haurudishiwi. Ukiidai unaambiwa imetupwa, au unapewa mfu mwingine kutoka kwenye ndoo. Yako inauzwa kama mtumba orijino kwa anayefuata, na wewe unaondoka na feki.

CDI inasingiziwa kwa sababu haifunguki. Kabureta utaona uchafu wake, plagi utaona masizi, lakini CDI ndani imemwagiwa gundi ngumu juu ya vifaa vyote, kwa hiyo unabaki na maneno ya fundi. Sisemi haifi. Inakufa, na zipo zinazokata zikipata joto. Ila mtu anayeihukumu bila kukuuliza inazima namna gani, huyo hatafuti ugonjwa.

Maana swali ni hilo: inazima ghafla kama umezungusha funguo, au inaishiwa nguvu na kukohoa kama mafuta yameisha? Dogo alijibu inaishiwa. Tukaiendesha mpaka ikazima, tukafungua mfuniko wa tenki palepale: fsss, hewa ikaingia, ikawaka. Chini ya mfuniko kulikuwa na kipande cha nailoni, alikiweka ili mvua isiingie kwenye tenki. (Mifuko ilipigwa marufuku 2019, kwenye matenki ya boda bado ipo.) Mfuniko una kitundu cha kupumulia. Kikiziba, mafuta yanaposhuka hakuna hewa ya kujaza nafasi yake, yanashuka kwa shida mpaka yanasimama na bakuli la kabureta linakauka. Ukipaki kidogo, yanajivuta, inawaka, na unaamini kweli ni kitu kinachokata kwa moto. Tuliitoa nailoni, tukapitisha waya mwembamba kwenye kitundu. Tatizo liliishia hapo, bila kununua kitu.

Kama inakata ghafla, angalia taa na honi kabla hujashuka. Vyote vimekufa? Nenda kwenye swichi ya funguo, fyuzi, vichwa vya betri, na zile waya za shingoni zinazokunjwa kila unapogeuza usukani. Hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Iache sailensa, yaani injini iwake bila kuvuta mafuta, zungusha usukani kushoto na kulia huku unazishikashika. Ikizima mkononi mwako, umeshampata mwizi.

Taa zipo lakini plagi haitoi cheche, kaza kofia ya plagi kwanza, kisha shuku pulsa, kile kikoili kidogo kando ya sumaku kinachoiambia CDI ipige moto saa ngapi. Waya wake mwembamba ukiwa na ufa, joto linauachanisha na baridi inaurudisha. Ipime kwa mita ya umeme ikiwa imetoka kuzima, ingali ya moto. Ikipoa itasoma vizuri na kukudanganya, na ndiyo maana "kipimo" cha dukani baada ya nusu saa hakina maana yoyote. Tapeti, yaani nafasi za valvu, zikibana pia huleta zima-zima ya moto, ila hiyo mara nyingi inaambatana na kiki kuwa nyepesi.

Na CDI yenyewe ina kipimo cha bure. Tafuta mwenzako mwenye pikipiki ya modeli ileile, badilishaneni, mkaendeshe mpaka zipate joto hasa. Ugonjwa ukihamia kwake, nunua CDI. Ukibaki kwako, usinunue.

Ukilazimika kwenda dukani, ichore yako alama kwa rangi ya kucha kabla haijatoka machoni pako, na usikubali ipimwe chumba usichokiona. Ya zamani rudi nayo nyumbani hata kama imekufa. Boksi lisikutishe, maboksi yanaigwa vizuri kuliko vilivyomo. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la spea. Wakianza kuhesabu bei mbili, ya risiti na isiyo ya risiti, geuza pikipiki.

Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Jina la duka silitaji hapa kwa sababu malalamiko ya dogo ndiyo tunayaandaa. Aliyepigwa kwa staili hii na bado ana boksi, risiti au ujumbe wa malipo ya simu, asitupe. Aniandikie tuyapeleke pamoja.