Usonji au tatizo la umakini: twende Dar kwanza, au tuanze hapa Mtwara?

Kwa mtoto yuleyule, daktari mmoja kaandika usonji (autism, hali inayogusa mawasiliano na tabia), mwingine kaandika tatizo la umakini na kutotulia (ADHD). Mzazi wa Mtwara hubaki na njia mbili.

Ya kwanza ni kupanda basi hadi Muhimbili, hospitali ya taifa huko Dar, zaidi ya kilomita 500, kutafuta jibu moja. Huko wataalamu ni wengi zaidi, na ripoti iliyokamilika humsaidia mtoto shuleni. Ila nauli na malazi vinauma, hasa kabla ya korosho kuuzwa, na jibu moja huenda lisiwepo kabisa. Hadi 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu mtoto apewe majina yote mawili. Toleo la mwaka huo likaruhusu, maana hali hizi mara nyingi huandamana. Kwa hiyo madaktari wanaopingana wanaweza wote kuwa sahihi.

Ya pili ni kuanza hapa hapa. Apimwe masikio kwanza, jamani, kwani asiyesikia vizuri naye haitiki akiitwa. Kisha nyumbani: sentensi fupi, agizo moja moja, picha za ratiba ya siku ukutani, na bibi na shangazi wafuate utaratibu uleule. Haya yanafaa kwa hali zote mbili.

Mimi ningeanza na ya pili leo, safari ipangwe baada ya mauzo. Dawa tu ndizo zimsubiri daktari bingwa. Lakini akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, au akipata degedege, usingoje msimu: mpeleke hospitali mara moja.