NTFS au exFAT kwa diski ya nje?

NTFS na exFAT ni mifumo ya mafaili, yaani njia za kupanga mafaili kwenye diski. Mwenye studio ya picha pale Kirumba anayenunua diski ya TB 4 ahakikishe kwanza kuwa jedwali la patisheni (orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa) ni la aina mpya, GPT, kwa sababu aina ya zamani, MBR, kwa kawaida huishia takriban TB 2 na nafasi inayobaki haitumiki, hata achague mfumo gani wa mafaili. Gharama hailinganishwi, kwani mifumo yote miwili ni bure.

Kwa uthabiti NTFS inaongoza: huweka kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo umeme ukikatika video ya harusi ikiwa bado inanakiliwa, mpangilio wa mafaili hurekebishika kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, Mac huisoma NTFS bila kuiandikia, ilhali exFAT huandikwa kwenye Windows na Mac pia. Anayetumia Windows pekee achukue NTFS. Anayepokezana diski na wenye Mac achukue exFAT, mradi asichomoe waya kabla ya kuiamuru kompyuta iiachie diski (eject).