Ukungu kwenye picha za seli hai: ukiwa Mwanza, ununue nini kwanza?

Wavuvi wa dagaa wa hapa ziwani wana kalenda yao. Mbalamwezi ikikomaa, wengi huegesha mitumbwi na kushona nyavu, maana taa haivuti dagaa maji yakiwa tayari meupe. Hakuna anayekimbilia dukani kutafuta taa kubwa zaidi, anangoja giza. Sisi wa maabara tunafanya kinyume chake. Picha ya seli zilizotiwa rangi inayong'aa ikitoka na ukungu, yaani mng'ao wa nyuma usiotoka kwenye rangi hiyo, tunaagiza rangi kali zaidi au tunapandisha mwanga wa hadubini. Seli zinadhoofika, na ukungu unapanda pamoja na mwanga. Mwongozo huu ni wa kununua giza.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jaribio la vishimo vitatu vya pleti, ile sahani ya kukuzia seli yenye vishimo. Cha kwanza kitie chakula cha seli (maji ya virutubisho wanamoishi) peke yake, bila seli. Cha pili kiwe na seli zisizotiwa rangi, cha tatu seli zenye rangi. Piga picha zote bila kugusa mpangilio wa kamera. Kama cha kwanza na cha pili vinang'aa sawa, seli hazina hatia. Mwaga chakula, weka PBS (maji ya chumvi yasiyo na virutubisho), upige tena. Ukungu ukishuka, mkosaji ni chakula. Ukibaki palepale, kagua plastiki, mafuta ya lenzi, na mwanga unaovuja kutoka chumbani. Kwa huo wa chumbani dawa ni kaniki, mita mbili za sokoni, unaifunika hadubini yote. Wenzangu hunitania kwamba nimefungua kilinge. Wacheke tu.

Nafasi ya kwanza naipa chakula kisichong'aa, na hapa ndipo watu wengi hupoteza hela kwa kununua nusu ya suluhisho. DMEM ya kawaida, chakula cha seli kinachotumika sana, ina fenoli nyekundu, kiasi cha miligramu 15 kwa lita, ile rangi inayotuonyesha kwa macho kwamba asidi imepanda. Mtu anaagiza chupa isiyo na fenoli, anafurahi, kisha anashangaa kijani bado kina ukungu. Aliyebaki humo ni riboflavini, yaani vitamini B2, miligramu 0.4 kwa lita. Humeza mwanga wa bluu karibu na nanomita 450 na kuutema kijani karibu na 530, jirani kabisa na mahali GFP, protini ya kijani inayotumika kuweka alama seli, inapong'aa. Seramu, majimaji ya damu yanayochanganywa kwenye chakula, nayo huongeza yake. RPMI, chakula kingine cha seli, ina nusu ya riboflavini hiyo, lakini nusu si sifuri.

Kwa hiyo jiulize kwanza utapiga picha kwa muda gani. Kama ni saa moja hivi, nunua HBSS (maji ya chumvi) isiyo na fenoli, yenye kalsiamu, magnesiamu na glukosi, uongeze HEPES, kemikali ya kutuliza pH, ili pH isipande nje ya inkubeta, kabati la kukuzia seli lenye CO2. Ndiyo chaguo langu la kwanza kwa maabara yenye bajeti kama zetu: ni rahisi, haina vitamini, na chupa moja inatosha siku nyingi za kazi. Kuna mchanganyiko wa dukani wa aina hiyohiyo uitwao Live Cell Imaging Solution, pH 7.4, ambao mtengenezaji anasema huziweka seli salama kwa muda wa hadi saa nne bila CO2. Ni mzuri, ila sehemu kubwa ya bei unalipia kuletewa kilichokwisha changanywa.

Kama unafuatilia seli usiku kucha, maji ya chumvi hayatoshi. Seli zitakufa njaa. Hapo ndipo FluoroBrite DMEM, aina ya DMEM ya kupigia picha, inastahili bei yake. Mtengenezaji anadai mng'ao wake wa nyuma uko chini kwa asilimia 90 ukilinganisha na DMEM isiyo na fenoli. Inataka CO2 kama DMEM yoyote, na haina glutamini, asidi amino ambayo seli huihitaji. Ukisahau kuiongeza utaanza kulaumu rangi.

Nafasi ya pili ni chombo. Plastiki ya polistareni hung'aa yenyewe, hasa upande wa bluu na kijani, na unene wake haukubaliani na lenzi kali. Nunua visahani vyenye kitako cha kioo namba 1.5, yaani milimita 0.17, unene ambao lenzi nyingi za mafuta zimetengenezewa. Seli nyingine hazishiki kioo kitupu, kwa hiyo kipake polilisini au jelatini kwanza. Kwa wanaosoma kwa mashine inayopima mwanga wa kila kishimo cha pleti: vishimo 96, kuta nyeusi, kitako angavu, usome kutoka chini. Pleti nyeupe ni za vipimo vya luminesensi, yaani mwanga unaotokana na kemikali bila kumulikwa. Nimeona katoni nzima ikiagizwa kimakosa kwa sababu ilikuwa na punguzo.

Nafasi ya tatu ni vizimamwanga, kama BackDrop, vinavyobaki nje ya seli na kuzima rangi iliyoelea kwenye maji. Vinafaa pale kuosha kunapong'oa seli. Binamu yao wa bei ya chini ni tripani bluu, ambayo huenda tayari iko kwenye kabati lako. Huzima kijani kilichoko nje ya seli, lakini yenyewe hung'aa nyekundu na haizipendezi seli zikikaa nayo muda mrefu. Kwa rangi za kupima kalsiamu ndani ya seli kama Fluo-4, tatizo mara nyingi ni seli kuitapika rangi, na hapo kinachosaidia ni probenesidi, dawa ya zamani ya jongo.

Rangi za nyekundu ya mbali, zinazong'aa mwishoni kabisa mwa nyekundu, nazipa nafasi ya nne, isipokuwa jaribio lako la vishimo limeonyesha kwamba seli zenyewe ndizo zinazong'aa. Hapo zinaruka hadi ya kwanza, maana NADH na flavini, kemikali za asili za seli zinazong'aa, huwezi kuziosha. Hakikisha tu hadubini yako ina filta na kamera ya kuziona. Kamera mpya? Mwisho kabisa. Kamera nzuri huuona ukungu vizuri zaidi.

Neno kuhusu usafirishaji. Niliwahi kuletewa boksi moja lenye kila kitu kutoka Dar, likafika Ijumaa jioni, likalala ghala la mizigo hadi Jumatatu. Barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu, na glutamini haipendi joto. Chupa nyingine zilikaa dirishani juani. Riboflavini na HEPES zikipigwa na mwanga huzalisha haidrojeni peroksaidi, sumu kwa seli. Siku hizi visahani na pleti vinakuja kwa basi. Chakula kinakuja kwa ndege, kikiwa kimefungwa karatasi ya aluminiamu, na siruhusu kipakiwe baada ya Jumatano.