Soksi za kubana kwa safari ndefu ya ndege: nilizonunua Lubumbashi zinafaa, ila usiuziwe kwa namba ya kiatu

Mwezi wa kumi nilisafiri kutoka Lubumbashi kwenda Brussels kumpokea mjukuu. Daktari wangu anajua kwamba damu iliwahi kumgandia mama yangu mzazi mguuni, na kwamba mimi mwenyewe si mwepesi, kwa hiyo aliniagiza nitafute soksi za kubana zinazoishia chini ya goti. Nilizipata katika farmasi moja ya katikati ya mji kwa dola 25. Nimezivaa kwenda na kurudi, na ninaziona kuwa bidhaa nzuri iliyouzwa vibaya.

Kijana wa kaunta aliniuliza swali moja tu: «Mama, unavalaka kiatu namba ngapi?» Nikamjibu, akanipa boksi, nami nikalipa. Nilipozijaribu nyumbani, utepe wa juu ulinikata nyama ya mguu, na baada ya saa moja ulikuwa umeacha mfereji ambao kidole kingeweza kulala ndani yake. Kasoro hiyo si ndogo. Soksi ya aina hii hubana zaidi kwenye kifundo cha mguu na kulegea taratibu kadiri inavyopanda, ili damu inayozubaa miguuni tunapokaa tumekunja magoti isukumwe kurudi juu. Ikibana zaidi juu kuliko chini, inakuwa kamba iliyofungwa mguuni, na kuikunja ukingo kwa sababu ni ndefu huleta madhara yale yale.

Jibu lilikuwa nyuma ya boksi lenyewe, katika jedwali la sentimita: mzunguko wa kifundo na mzunguko wa sehemu nene ya mguu. Niliazima utepe wa fundi cherehani jirani, nikajipima asubuhi kabla miguu haijavimba, nikapata 25 na 41, vipimo vya saizi nyingine kabisa. Farmasini walikataa kwanza kunibadilishia kwa kuwa boksi lilikuwa limefunguliwa. Mama mmoja mtu mzima, aliyetoka chumba cha nyuma, ndiye aliyenipa jozi sahihi kwa nyongeza ya dola 5. Nyongeza hiyo sikuona sababu yake, lakini safari ilikuwa karibu.

Kuna jambo la pili ambalo wanunuzi wa mji huu wanapaswa kulitazama, kwa kuwa rafu zetu hupokea bidhaa za nchi nyingi. Neno «daraja la 2» halina maana moja. Kwa vipimo vya Ufaransa ni mbano wa takriban milimita 15 hadi 20 za zebaki, ilhali kwa vipimo vya Ujerumani ni 23 hadi 32. Soma tarakimu za mbano, usisome daraja. Kwa msafiri mwenye hatari iliyozidi kidogo, kiwango kinachopendekezwa ni 15 hadi 30 kwenye kifundo, na zangu zilikuwa 15 hadi 20.

Nilizivaa nyumbani asubuhi kabla ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano, na kwa joto la mwezi wa kumi sitadai kwamba nilistarehe: kuzivuta tu kulinichukua dakika 10 na jasho. Ndani ya ndege nilizisahau. Kutoka Addis Ababa hadi Brussels ni usiku mzima wa kukaa, kwa hiyo nilichagua kiti cha pembeni mwa njia, nikainuka mara kwa mara, na nilipoketi nilichezesha nyayo juu na chini, maana soksi haifanyi kazi ya msuli. Tulipotua viatu viliingia bila kulegeza kamba, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Hata hivyo, kutovimba hakuthibitishi kwamba damu haikuganda. Ninachoweza kuegemea ni majaribio yaliyolinganisha abiria waliovaa na wasiovaa, ambayo yalionyesha kwamba waliovaa walipungukiwa na uvimbe na pia na madonge ya damu yasiyo na dalili.

Je, kila msafiri azinunue? Hapana. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa zaidi ya saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda takriban mara 2, lakini kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Utafiti huo ulihusu pia basi, gari na treni, kwa hiyo basi la Kolwezi linapokwama njiani nalo lihesabiwe. Mjamzito, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mwenye saratani au aliyewahi kuganda damu azungumze na daktari kwanza, kwani huenda akahitaji dawa. Mwenye ateri (mishipa inayopeleka damu) mbovu za miguu, au mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni, asizivae bila kuruhusiwa. Yule kijana alitaka pia kunipa paketi ya aspirini «ya safari». Nilimrudishia, kwa sababu aspirini haipendekezwi kwa kusudi hilo peke yake.

Zimefuliwa kwa mkono mara nne na bado zinabana. Juzi nimemnunulia dada yangu jozi pale pale, nikiwa na sentimita zake kwenye karatasi, na safari hii sikuongezewa dola 5.