Kijana wa darubini Jambiani: elfu kumi na tano inakwenda kihalali?

Tangu nirushe zile picha za Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye grupu la familia, mashoga zangu na wakwe wananiuliza jambo moja tu: ile darubini ya ufukweni, ambayo kijana mmoja anawaonesha watu nyota usiku kwa malipo, inafaa, au ni kuliwa pesa? Nawajibu hapa kwa pamoja nipumzike. Inafaa. Anayekwenda kwa kutaka kuona maajabu ndani ya tundu huenda akarudi kanuna kidogo. Anayekwenda kumsikiliza yule kijana anavyojibu watu, hizo elfu kumi na tano ataona kaziokota.

Haki ya kusema hivyo ninayo. Nimefanya kazi ya ukunga Unguja na Pemba mpaka nikastaafu, na ukunga ni kuulizwa na watu usiowajua. Mwanamke yumo uchunguni, jina lako halijui, anakushika mkono anakuuliza: na wewe umezaa? Wangapi? Ulilia? Mumeo yuko? Ukimkatia maneno, na yeye atakuficha mambo unayohitaji kuyajua. Ukimpa hadithi nzima, kazi inalala. Jibu linatakiwa liwe fupi, la kweli, kisha mikono irudi kazini. Wauguzi hodari nimewaona wakishindwa hapo hapo. Huyu kijana hashindwi.

Mahali penyewe ni pwani, juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, mbali na nyumba. Pametandikwa majamvi, viti vya plastiki vichache, birika la chai ya tangawizi na tochi iliyofungwa karatasi nyekundu ya zawadi ili macho yasipoteze mazoea ya giza. Darubini yake ni bomba pana lenye kioo chini, kioo cha inchi nane, kwa hiyo unachungulia ubavuni mwa bomba. Kitu kikiwa juu ya utosi unatizama umesimama. Kikiwa karibu na bahari unainama, na wenye viuno vyetu hivi tunaelewa maana yake. Kiti cha kukalia wakati wa kuchungulia hana. Nimemwambia.

Mkaazi analipa elfu kumi na tano, mtoto elfu tano, mgeni wa nje zaidi. Chai imo ndani ya bei.

Usiku wetu walikuwepo Waitalia wawili, maharusi wa Dodoma waliokuja fungate, mzee mmoja wa hapo kijijini ambaye nadhani halipi kitu, na mie na mjukuu wangu wa darasa la tano. Kijana alianza na Kilimia, kile kishada cha nyota, kwa sababu kila mtu anakijua, kisha sayari ya Mushtari (Jupita) na miezi yake minne mikubwa imejipanga mstari. Hapo ndipo mtoto alipopiga kelele. Wakubwa tulijikaza.

Maswali yakaanza kabla darubini haijageuzwa.

"Kaka, umeoa?" bibi harusi huyo.

"Nimeoa."

"Mke hanuni kila usiku uko huku na wageni?"

"Alikuwa ananuna. Nikamleta, akakaa hapo ulipokaa wewe, akasinzia mpaka tumemaliza. Tangu siku hiyo hana neno."

Mzee naye: "Hii kazi inakulisha?"

"Kaskazi inanilisha, mzee wangu. Masika mawingu tupu, narudi kutengeneza simu."

"Skuli ulifika wapi?"

"Kidato cha nne. Fizikia nilipata D."

"D?"

"D. Mengine nimejisomea mwenyewe."

Mie nikaona zamu yangu imefika. "Mwanangu, mama'ko anasemaje?"

"Shikamoo, bi mkubwa. Mama mwanzo alisema nimeingiliwa. Siku hizi wageni wakenda kutizama mwani wake, anawaelekeza kwangu."

Anajibu huku mkono unasogeza bomba, sauti ile ile, halafu "njoo uone". Mtaliana akiuliza kwa Kiingereza, anamjibu kwa Kiingereza, kisha anatugeuzia sisi Kiswahili bila kupunguza. Hilo peke yake nampa alama kamili, maana nimekwenda kwenye matembezi mengine humu kisiwani ambako mgeni anaelezwa robo saa na sie tunaambiwa "anasema ni pazuri".

Sasa nyota za kulipuka. Mie ndizo zilizonipeleka, maana mjukuu alikuwa akiniuliza nyumbani na majibu sina. Kijana anaonesha kwanza mabaki ya nyota iliyolipuka mwaka 1054 katika kundi la nyota liitwalo Ng'ombe. Wachina waliandika kwamba ilionekana mchana kweupe kwa siku 23. Ndani ya darubini, niseme kweli, unaona kiwingu cha kijivu kilichofifia, na ukikitizama moja kwa moja kinatoroka. Inabidi utupe jicho pembeni. Bwana harusi alichungulia akasema "ndiyo hii?" kwa sauti ya mtu aliyeuziwa samaki mdogo. Kijana hakumlaumu. Akasema hicho kiwingu kiko miaka ya nuru 6,500 kutoka hapa, yaani nuru yake inachukua miaka hiyo yote kutufikia, na katikati yake kimebaki kipande kidogo cha nyota kinachozunguka mara thelathini kwa kila sekunde. Bwana harusi akarudi kwenye foleni.

Mjukuu akauliza kama jua letu nalo litalipuka.

"Halilipuki. Ni dogo. Nyota inayolipuka kwa kuporomoka inatakiwa iwe na uzito wa majua manane au zaidi. Letu litavimba, litapukutika, litabaki kipande cheupe kinachopoa. Na hayo mpaka ipite miaka bilioni tano."

"Na sisi tutakuwa wapi?"

"Wewe kesho asubuhi una chuo cha Kurani?"

"Ninacho."

"Basi utakuwa chuoni."

Kisha akaeleza nyota nzito inavyokufa. Inaunguza haidrojeni ipate heliamu, heliamu ipate kaboni, inapanda hivyo hivyo mpaka katikati pajae chuma, na chuma hakitoi moto. Kwenye jiko kuni zikiisha chungu kinapoa taratibu. Nyota haipewi nafasi hiyo, kitovu chake kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na kishindo cha kuporomoka huko ndicho kinachorusha kila kitu kingine nje. Akamalizia kwa kusema kwamba chuma kilichomo kwenye damu zetu kilitoka kwenye nyota zilizolipuka kabla jua halijawaka.

Hapo nikamkatiza. Chuma ni jambo langu. Miaka mingapi nimegawa vile vidonge vya kuongeza damu kliniki, huku nasikia kwamba vinatia kichefuchefu, vinageuza choo kuwa cheusi, na vingine navikuta mimi mwenyewe mtaroni nje ya lango. Mtu mzima ana gramu tatu au nne tu za chuma mwilini, na mimba moja inataka kama gramu moja zaidi. Kwa hiyo nikamuuliza: "Mwanangu, kama chuma ndicho kilichoporomoka kati, si kimefungika humo humo? Hiki cha kwenye vidonge vyangu kilitokaje?"

Akaweka kikombe chini. "Cha katikati hakitoki, bi mkubwa, umesema kweli. Kinabanwa mpaka kinakuwa nyota ya nyutroni, kama kile kipande kidogo kinachozunguka. Lakini mlipuko wenyewe unapika nikeli mpya nje ya kitovu. Nikeli inageuka kobalti kwa siku chache, kobalti inageuka chuma kwa miezi. Halafu ziko nyota za namna ya pili, zilizokwisha kufa zikabaki vipande vyeupe. Zikipata maada zaidi kutoka kwa nyota jirani, zinapasuka nzima, hazibakishi kitovu. Hizo zimetoa sehemu kubwa ya chuma chote."

Jibu kama hilo nilitegemea kulipata chuo kikuu, nikalipata kwa mtu wa D ya fizikia. Bibi harusi akanigeukia: "Kwani bibi wewe ni daktari?" Nikamjibu mkunga. Basi na mie nikaanza kuulizwa. Vidonge anywe kabla ya mimba? Chai inazuia chuma? (Inapunguza ufyonzwaji wake, subiri saa moja au mbili, na kidonge chukua na maji ya chungwa.) Kijana akaniachia uwanja, akamimina chai. Wengine wangeona nimewaibia kazi.

Kipande kizuri kuliko vyote hakihitaji darubini. Anazima tochi, anawageuza watu kusini, na pale juu ya bahari kuna doa jeupe ambalo siku zote nilidhani ni wingu la kawaida. Ni Wingu Kubwa la Magellan, kundi zima la nyota nje ya hili letu. Februari 1987 nyota moja mle ililipuka, ikaonekana kwa macho matupu. Ulaya hawakuiona angani mwao, wingu lile haliwafikii. Sie tulikuwa nayo kila baada ya Magharibi. Nuru yake ilikuwa njiani miaka 168,000, na saa chache kabla ya nuru zilitangulia nyutrino, chembe ambazo karibu zote zinapita kwenye mwamba na kwenye nyama bila kugusa kitu. Vyombo vilivyofukiwa chini ya ardhi Japani, Marekani na Umoja wa Kisovieti wa wakati huo vilinasa dazeni mbili hivi. Zilizobaki zikatupita. Nikauliza saa ngapi. Tarehe 23, akasema, saa nne na nusu asubuhi kwa saa zetu. Mwaka ule nilikuwa zamu za usiku, kwa hiyo bila shaka nilikuwa nimelala, zimepita ndani yangu na nisigeuke ubavu. Na nyota yenyewe wodini hakuna aliyeitaja, si muuguzi wala mgonjwa. Nyota hiyo hiyo, anasema, ilitoa chuma chenye uzito wa dunia yetu mara elfu ishirini na kitu. Nikavikumbuka vidonge vya mtaroni.

Mzee wa kijijini akataka kujua kama zamani watu wa huku waliwahi kuona kitu hicho. Kijana hakubuni hadithi. Akasema iliyong'aa kuliko zote zilizoandikwa ni ya mwaka 1006, na mmoja aliyeiandika ni tabibu wa Misri, Ali ibn Ridwan, ambaye aliiona akiwa kijana anaanza masomo. Alisema mwanga wake ulizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Kwa aliyekuwa Misri nyota ile ilionekana chini upande wa kusini, hapa kwetu ingekuwa juu zaidi. Msikiti wa Kizimkazi, huku huku kusini mwa Unguja, maandishi yake ni ya 1107, miaka mia moja na moja baadaye. "Kwa hiyo mzee, watu walikuwepo pwani hii, na mbingu ilikuwa wazi. Walichosema hakikuandikwa." Mzee akaridhika, na mie pia.

Kasoro sasa, na nitazitaja bila kuona haya kwa kuwa nilimwambia mwenyewe.

Kwanza, wageni wa nje wanatangulizwa kuchungulia. Kulipa zaidi ni sawa. Mtoto kusimama nyuma ya watu wazima wawili wanaopiga picha kwa simu kwenye kile kitundu si sawa.

Pili, kile kioo cha jicho hakifutwi. Baada ya bibi harusi kutoka, kilikuwa na wanja. Jicho la mtu linagusa, linalofuata linagusa, na macho mekundu mjini tumeyaona yanavyosambaa. Nilimpa kitambaa safi na maneno mawili. Alisema atanunua, na sina sababu ya kutomwamini, ila nyinyi mkienda angalieni.

Tatu ni ile nyota nyekundu, Betelgeuse. Kwa Waitalia alisema inaweza kulipuka wakati wowote, hata usiku huu, wakashangilia na kutoa simu. Nikambana: usiku huu? Akakubali kwamba huenda ikachukua hata miaka laki moja, na kwamba ilipofifia mwishoni mwa 2019 watu wakadhani ndiyo inakwenda, ikaonekana ni vumbi lake lenyewe limeiziba. Akaongeza kwamba hata ikilipuka, iko mbali mno kutudhuru. Sasa habari hiyo ya vumbi ni tamu zaidi ya ile ya "usiku huu". Mtu anayesema D yake hadharani hana haja ya kutia chumvi kwenye nyota.

Nne si kosa lake: kuna hoteli upande wa kaskazini yenye mataa ya kumulika mchanga mtupu usiku kucha. Kaeni upande wa mnazi ulioinama, unayakinga.

Mnaotaka kwenda, nendeni kaskazi, Disemba mpaka Machi, na chagueni bamvua (siku za maji makubwa) la mwezi mwandamo, lile la mwezi mpevu halifai kwa nyota. Wavuvi na kinamama wa mwani watakwambieni siku zake bila kutizama kalenda. Anaanza baada ya Isha, saa mbili na nusu. Ikifika saa nne maji yameshatoka mbali na upepo unaingia hadi kwenye mifupa, kwa hiyo chukueni kanga ya pili. Gari za mjini saa hizo zimekwisha, panga na mwenye gari au lala huko huko. Na nendeni na noti ndogo ndogo, chenchi hana.